Karibu Zilizozidi

Sikiliza, wewe unayefikiria kumchukua mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, tena kutoka nchi nyingine. Nitakueleza polepole, maana mimi ni mtu wa kueleza. Mume wangu husema nikiulizwa saa, naanza na jinsi saa inavyotengenezwa.

Binti yetu alikuja kwetu Penrith, huku ughaibuni, kutoka Morogoro akiwa na miaka kumi na miwili. Ni mtoto wa binamu yangu marehemu. Bibi yake alimlea mpaka nguvu zikamwishia. Kumpata kisheria kulichukua miaka ya kuhojiwa na maofisa, waliokagua mpaka uzio wa nyuma ya nyumba. Niliacha kazi ya ofisini mjini, niliyoipenda, kwa sababu treni ilinirudisha giza limeshaingia. Nikachukua ya kupokea simu kwa daktari wa meno mtaani kwetu. Mafunzo ya wazazi nilihudhuria yote. Nilikuwa nimehitimu kabisa. Kilichobaki ni mtoto tu aje ajionee.

Akaja. Nikamkaribisha. Kisha sikuacha.

Akitoka chumbani: "Karibu, mwanangu!" Akifika mezani: "Karibu, karibu chakula." Akipita kwenda chooni, nami nimebeba nguo za kufua: "Karibu!" Mume wangu akauliza kama choo nacho kimezinduliwa rasmi.

Mtoto akawa na adabu ya kutisha. Alikaa ukingoni mwa kochi. Aliomba ruhusa kufungua friji. Alikula vijiko vichache, akasema, "Nimeshiba, mama mdogo, ahsante." Nguo zake zilibaki kwenye sanduku, kila asubuhi alitoa anayoivaa, akafunga zipu. Niliogopa kwamba hatatuzoea kamwe. Kwa hiyo nikaongeza dozi: karibu asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi moja nikiwa nakaanga samaki, alisimama mlangoni pa jikoni.

"Karibu, mwanangu."

"Mama mdogo, narudi lini?"

"Unarudi wapi?"

"Morogoro."

"Nani kakwambia unarudi? Hapa ni kwenu!"

"Si unanikaribisha kila siku? Anayekaribishwa ni mgeni." Alisema kwa upole, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito. "Bibi hajawahi kuniambia karibu. Alikuwa anasema, 'Hebu toka hapo, unanizibia mwanga.'"

Nikavuta pumzi nianze kueleza. Mume wangu, aliyekuwa mezani na simu yake, hakuinua hata macho.

"Mke wangu, nakuomba. Usieleze."

Nikafunga mdomo. Mahojiano ya maofisa yalikuwa rahisi kuliko hilo.

"Hebu toka hapo, basi," nikasema. "Umesimama kama nguzo ya umeme. Niletee vitunguu, uvikate."

Akavileta. Akavikata vinene mno, nami nikamwambia. Akajibu kwamba kwa bibi ndivyo vinavyokatwa, na kwamba samaki wangu anaungua. Ni kweli, alikuwa anaungua. Sijawahi kukosolewa nikafurahi namna ile.

Sisemi kwamba yote yalinyooka. Alimlilia sana bibi yake mwaka ule, na mlango wa chumba chake ulibamizwa hadi bawaba zikalegea. Lakini swali la kurudi hakuliuliza tena.

Kwa hiyo mtoto wako akifika, mkaribishe mara moja, kwa moyo wako wote. Baada ya hapo mpe kisu na vitunguu, na umwache akate anavyojua.