Siku Viti vya Justa Vilipokutana

Justa Luhaga hakuwahi kuviona viti vyake vyote mahali pamoja. Kiti kikishakauka vanishi, mwenyewe anakuja na mkokoteni anakichukua, na karakana yake ya Igoma inabaki na maranda tu, pamoja na kiti kimoja cha zamani anachotundikia nguo za kazi. Kwa hiyo asubuhi ile aliposukuma mlango wa ghala la zamani la pamba, lile lililogeuzwa makumbusho, akavikuta viti vyake vya miaka thelathini vimejaa ukumbi mzima, alishika fremu ya mlango. Akacheka peke yake. Akapita katikati yake akivigusa kimoja kimoja, kama mama ambaye watoto wamerudi likizo wote kwa pamoja.

Watu wa Igoma waliviita viti vya wazimu na, tuwe wakweli, hawakukosea sana. Kulikuwa na kiti cha Mama Rozina, muuza samaki wa Mkuyuni mwenye goti bovu: upande mmoja umeinuka, mwingine umelala, ili akitaka kusimama kiti chenyewe kimsukume. Kulikuwa na kiti cha Shigela na mkewe Modesta wa Kisesa, walichotengenezewa mwaka ule walipokuwa hawasemeshani. Mnakaa mmepeana migongo, na mmoja akiinuka bila kumwambia mwenzake, mwenzake anakwenda chini. Walianguka wiki nzima, halafu wakaanza kuongea. Benchi la kwaya nalo lilipinda kama ndizi ili waimbaji waonane nyuso. Hakuna kiti kilichofanana na kingine, kwa sababu Justa hakupima kwa tepu. Alimpeleka mteja ufukweni Igombe, akamkalisha kwenye mchanga mbichi, akamwinua taratibu, kisha akalipima lile shimo kwa viganja vyake. Wateja walirudi mjini wamelowa nyuma, wakachekwa njia nzima, na bado wakamleta na jirani.

Useremala aliupata kwa kaka yake Obedi, fundi wa makochi na makabati ya Mkuyuni, mtu wa pembe zilizonyooka. Obedi alimpokea angali binti, akamkabidhi msasa. Siku moja walikwenda Igombe kusubiri mbao kutoka visiwani. Boti ikachelewa, na Obedi akakaa mchangani mchana kutwa akiulalamikia mgongo wake. Alipoinuka, Justa aliliona shimo aliloliacha, akajua hapo hapo kwamba hicho ndicho kiti ambacho mgongo wa kaka yake umekuwa ukikiomba. Kando yao palikuwa na mtumbwi uliooza. Akaomba mbavu zake, akatandika juu yake wavu wa sangara uliochakaa, na miguu, hapa ndipo alipoharibu, akaichonga kwa ubao wa mninga ambao Obedi alikuwa ameutunza kwa ajili ya kitanda cha maharusi.

Obedi hakugomba. Alikizunguka kile kiti, akakitikisa kwa ncha ya kiatu, akasema mbele ya mafundi wote, "Siku nitakayoona mtu mzima amekaa kwenye kitu hiki misa nzima bila kujigeuza, nitakuita fundi."

Wakacheka. Justa alitaka kumwambia kwamba kiti ni chake, amempima yeye, lakini kicheko kile kilimziba mdomo. Akakibeba kichwani, akaenda kuanza maisha yake Igoma. Tangu hapo walisherehekea pamoja na kuzika pamoja, wakapendana kama ndugu wanavyopendana, ila Obedi hakumwita fundi hata mara moja. Akiulizwa dada yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko Igoma anachezea mbao. Na mtu huyo huyo alimwita fundi kila mtu mwingine, hata anayemzibia pancha ya baiskeli! Neno hilo moja lilimuuma Justa kuliko alivyopenda kukiri, na asubuhi ile, kati ya shangwe zote, alikuwa akitazama mlango. Obedi alikuwa ameahidi kuja kama mgongo utamruhusu.

Maonyesho yaliandaliwa na Dorcas, binti mchangamfu wa makumbusho, aliyepita nyumba kwa nyumba kuazima viti hivyo. Hakupata shida. Huku kwetu ikitokea harusi au msiba, viti vya mtaa mzima vinakusanywa, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe kwa rangi chini yake, na mwenye kiti lazima aalikwe. Watu walimpa wakamtakia shughuli njema. Dorcas akavipanga, akavizungushia kamba nyeupe, na mbele ya kila kimoja akaweka kadi yenye jina la aliyekiazimisha. Kwenye kile cha kwanza, cha mbavu za mtumbwi, kilichotoka karakana kwa Justa, akaandika kwamba kilitengenezwa Mkuyuni kwa Obedi Luhaga.

Sasa jiweke mahali pa Mama Rozina. Umeazimwa kiti, umealikwa, umevaa kitenge kipya. Unaingia ukumbini unakuta kiti chako kimezungushiwa kamba kama meza kuu, na jina lako liko mbele yake. Mama Rozina alinyanyua kamba, akakaa. Kwaya ikajipanga kwenye benchi lake. Shigela na Modesta wakapeana migongo. Dorcas alikimbia huku na huku akisihi kwa sauti ya chini kwamba vitu vya maonyesho havikaliwi, akajibiwa kwa upole kwamba asihangaike, wameshayaona majina yao.

Akamgeukia Justa, macho yamemtoka. "Mama, nakuomba uwaambie wainuke."

Justa alikuwa amejaa furaha hadi masikioni. Viti vyake vyote pamoja, na juu ya kila kimoja mtu wake! "Waache, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Obedi aliingia wakati mgeni rasmi ameshashika kipaza sauti. Viti vya plastiki vya wageni vilikuwa vimejaa, naye akaegemea ukuta, mkono kiunoni. Mama Rozina hakuweza kuvumilia kuona mzee amesimama na kiti chake kipo. Akamwonyesha kwa kidole kile cha wavu, chenye jina la Obedi kwenye kadi. Obedi aliisoma kadi, akakitazama kiti, na Justa akaona kwamba amekitambua. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na mtu mwenye adabu habishani mgeni rasmi akiongea. Akajishusha polepole, kama anaingia ziwani asubuhi, na wavu ukampokea.

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa maneno. Alishukuru waliopo na wasiokuwepo, akaeleza historia ya pamba, akasema kwa hayo machache, akaingia kwenye samaki. Justa hakusikia hata neno. Alikuwa akimlinda kaka yake kwa macho, akingoja ajigeuze, maana kanisani Obedi hujigeuza tangu somo la kwanza. Mwanzoni alikaa wima, amekunja mikono, uso wa msibani. Kwenye pamba mabega yalishuka. Kwenye samaki mikono ikakunjuka, na kichwa kikaegemea ubavu wa mtumbwi.

Mwishoni watu walipiga makofi. Shigela akamwambia mkewe "haya", wakainuka pamoja. Kiti cha Mama Rozina kilimsukuma, naye akasimama. Ukumbi wote ulisimama, isipokuwa Obedi. Alikuwa anakoroma.

Justa alimwendea, akainama. "Shikamoo, kaka."

Obedi akafumbua macho. Akajipapasa mgongo, kama anatafuta kitu kilichopotea. "Marahaba. Ameongea sana?"

"Misa nzima na matangazo yake." Kisha akalisema lile alilolimeza miaka yote. "Nilikupima wewe, kaka. Siku ile ya boti, pale mchangani."

Obedi alipitisha kiganja kwenye mbavu za mtumbwi, akashuka hadi kwenye mninga wake, akaushika. Justa akamnyooshea mkono ili amwinue.

"Bado, fundi," alisema Obedi. "Wacha nikae kidogo."

Justa akaenda kumwomba Dorcas asifunge mlango kwanza.