Uji Uliompalia Faraja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa siku ya gulio pale Makambako, asubuhi, na upepo ule wa kwetu ulikuwa unapenya sweta mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mtoto wangu wa kwanza, Faraja, alikuwa na miezi mitatu na siku chache. Nami nilikuwa na haraka.

Sikuja kwako leo kupiga soga. Jana nilipita hapa mlangoni nikakuona umemlaza mwanao chali mapajani, kikombe kiko mdomoni, naye analia. Hukuniona. Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kula. Basi nisikilize, na nikilia usinibembeleze. Mimi kulia nimeshazoea.

Nilizaliwa Yakobi, nikaolewa Makambako. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa shirika moja la umma, na miaka ile mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Alirudi nyumbani na barua na mfuko wa vifaa vyake, akakaa kwenye kiti mpaka chakula kikapoa. Lakini huku kazi zikifungwa, biashara zilikuwa zinafunguliwa. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa vitu mpaka juu. Nguo za mitumba zikaanza kuja kwa mabelo. Nikasema haya, kama baba kakaa, mama atasimama. Nikaingia kwenye mitumba.

Wewe hukuiona kazi ile. Belo likifunguliwa, wanawake ishirini wanalirukia kwa pamoja, viwiko, matusi, kuvutana mashati. Ukifika umechelewa unaokota zilizotoboka. Pale huendi na kichanga mgongoni. Nikaona dawa ni moja tu: Faraja ale uji, ashibe mpaka mchana, abaki na baba yake.

Kliniki walikuwa wametuambia maziwa ya mama tu, uji bado. Niliitikia vizuri sana, "Ndiyo, sista," na moyoni nasema, hawa wanajua nini? Mama yangu alitupa uji tungali tunahesabiwa wiki, mbona tumekua? Kiburi cha ujana, jamani! Kwetu tulizaliwa tisa, tukabaki watano. Hilo halikunijia kichwani hata mara moja.

Mtoto wa umri ule uji hautaki. Ulimi wake unausukuma nje. Basi nikafanya kama nilivyowaona wanawake wa kwetu wakifanya, na kama ulivyofanya wewe jana. Kwa sababu ya baridi, nilimfunga kwenye blanketi, mikono ndani, imebanwa kabisa, asije akaupiga kikombe. Nikamlaza chali mapajani. Kiganja cha kushoto nikakikunja chini ya mdomo kama bakuli, nikamimina uji, na kidole kikabana pua. Mtoto akikosa hewa lazima afungue mdomo, na akifungua, uji unaingia. Analia, anameza, analia, anameza. Tumbo likivimba nasema ameshiba. Kulisha gani kule? Leo nikikuelezea naona aibu ya mikono yangu mwenyewe.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa mzee mmoja mwenye lori, watu waliohamia kutoka Kondoa. Mama mpole, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Hakujaliwa mtoto. Siku moja aliingia kuniomba moto, akanikuta katika kazi yangu hiyo. Akasimama.

"Mama Faraja, mtoto analia na wewe unamwaga? Utampalia. Mwache apumue kwanza, mwanangu. Na huyu bado mdogo, mpe ziwa."

Unajua nilimjibu nini? Nilimtazama toka kichwani mpaka miguuni nikamwambia, "Bi Zuhura, wewe umelea wangapi?"

Alichukua moto wake akatoka, na tangu siku hiyo akawa ananisalimia akiwa kwake, hapiti tena mlangoni kwangu. Mimi nikaona nimeshinda. Nilichoshinda ni nini, Mungu wangu?

Sasa siku ya gulio. Nilikuwa nimesikia mabelo ya nguo za watoto yameingia. Nimechelewa kuamka, uji una mabonge, sikuukoroga vizuri wala sikuuchuja. Baba Faraja alikuwa nje anatafuta kuni. Nikamfunga mtoto, nikamlaza, nikamimina. Akalia, nikamimina juu ya kilio. Mara kilio kikakatika.

Nilimwona macho yamemtoka, mdomo umejaa uji, hakuna sauti. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Nikamwinua, nikampindua kifudifudi, nikampiga mgongoni kama mtu anayempiga mwizi. Uji ukamtoka puani. Akakohoa, akavuta pumzi yenye mkoromo, kisha akalia kidogo, kilio chembamba. Nikamshukuru Mungu. Nikamfuta uso, nikabadilisha blanketi lililochafuka nikalificha chini ya kitanda. Mume wangu alipoingia akaniuliza, "Mbona anakohoa?"

Nikamwambia, "Mafua tu. Ameshashiba huyu." Nikachukua mfuko wangu nikaenda gulioni.

Ningebaki, mwanangu. Ningebaki tu siku ile moja.

Niliporudi mchana, baba yake alikuwa anatembea naye ndani, huku na huku. Mtoto wa moto. Anapumua haraka haraka, na kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani. Nilipiga ukelele, na aliyekuja wa kwanza ni Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyemtoa mumewe kwenye chakula, yeye ndiye aliyepanda na sisi kwenye lori, Faraja amelala kifuani kwake ndani ya khanga yake. Tukafika hospitali ya misheni kule Ilembula.

Daktari akauliza maswali yao yale. Amekula nini? Nikasema ziwa tu. Kuna kitu kimempalia? Nikasema hapana, ni mafua. Niliogopa, unaelewa? Niliogopa watasema mama gani huyu, tulimkataza akatuitikia. Niliogopa mume wangu amesimama pale anasikia. Na mume wangu, maskini, akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, labda ni mimi. Alikuwa anasumbua, nikamtoa nje kibarazani kwenye upepo. Nilikaa naye muda mrefu."

Bi Zuhura akanitazama, mimi nikatazama sakafu.

Tulipotoka kwenye korido akanishika mkono. "Mama Faraja, rudi ukawaambie. Hawatakula nyama yako."

"Nitawaambia kesho," nikasema.

Kesho yake niliwaambia kweli. Nilisubiri baba yake aende kunawa uso, nikamnong'oneza nesi mmoja, mama mtu mzima, kwamba alipaliwa na uji, uji wenye mabonge. Akaandika. Hakunigombeza, ingawa nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Ahsante kwa kusema, mama. Ingefaa tujue jana." Wakabadilisha dawa, wakahangaika naye, walihangaika kweli. Siku ya tatu asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha, Faraja akaacha kupumua nikiwa nimemshika kidole.

Kama ile siku moja ingemwokoa, sijui. Hakuna atakayeniambia. Nimeuliza katika maombi zaidi ya miaka ishirini, na bado nauliza.

Watu husema tukio kama hilo linapoa. Halipoi. Nilizaa wengine wanne, wakakua, ndio hao unaowajua. Lakini subiri nikueleze jambo ambalo hata wao hawalijui. Baba yao hakuwahi kuambiwa. Kila mtoto aliyezaliwa, yeye ndiye aliyeziba nyufa za dirisha kwa matambara. Hakumtoa mtoto yeyote kibarazani mpaka afikishe mwaka. Watu walimcheka, mwanaume mzima anaogopa upepo. Nami nilicheka nao! Nilisimama pale nikacheka, na ulimi ninao.

Mwaka juzi alipougua, siku zake za mwisho, aliniambia, "Mama Faraja, nikimkuta mtoto nitamwomba radhi kwa ule upepo." Nilikuwa nimemshika mkono. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Pumzika, baba." Basi. Kafa nayo. Amebeba mzigo wangu mpaka kaburini, na mimi niliyeufunga niko hapa nakula, nalala, naitwa bibi.

Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Sina tumaini kubwa. Wasichana wangapi nimewaambia, wakaniitikia "ndiyo, bibi" kama nilivyomwitikia sista, kisha nikipita nasikia kilio kile kile cha mtoto na kikombe. Lakini nitasema tena.

Mwanao bado, mngoje. Mpe ziwa mpaka atimize miezi sita, na kama biashara inakuita, kamua maziwa uyaache kwenye chombo safi. Wakati ukifika utauona: atakaa, shingo itamkaza, atanyoosha mkono kwenye sahani yako. Hapo mkalishe, usimlaze. Mtoe mikono kwenye blanketi, aupige kikombe akitaka, nguo zitafuliwa. Uwe laini, usio na bonge, kijiko kimoja, ameze, umtazame, ndipo kingine. Akigeuza uso ameshiba, hata kama kikombe kimejaa. Akilia, weka kijiko chini. Akianza kutambaa na kuokota, karanga na punje za mahindi ya kuchemsha zikae mbali naye, na usimwache anakula peke yake hata ukiitwa na nani.

Na likitokea la kupaliwa, maana unaweza kufanya yote na likatokea, usiende gulioni. Mkimbize hospitali, na wakikuuliza, sema. Sema siku hiyo hiyo, sema mbele ya mume wako, sema mbele ya mama mkwe wako. Watakutukana wiki moja, itapita. Usiponisikia kwa hilo la uji, nisikie kwa hili.

Haya, nipe nimshike kidogo. Mzito huyu. Mungu akukuzie, mwanangu. Akupe maziwa ya kutosha na subira ya kutosha, akupe jirani kama Bi Zuhura na masikio ya kumsikia. Na huyu aishi, azeeke, akuzike yeye wewe, siyo wewe umzike yeye.