Siku Bibi Alipopeleka Matoleo

Jumapili iliyopita, kanisani Majengo, ngoma za matoleo zilinikumbusha bibi yangu. Nikiwa mdogo kijijini, niliona kwamba kila kilichopelekwa kwa padri kwa kucheza hakikurudi: kuku, mahindi, ungo wa ulezi.

Siku moja bibi alitoka kwenye benchi akicheza, vigelegele vikimsindikiza, mikono mitupu. Sasa najua kwamba mwaka ule shamba letu halikutoa kitu. Wakati ule nilidhani anayetolewa ni yeye. Nikamkimbilia, nikang'ang'ania kitenge chake kilichonukia moshi, nikalia.

"Unalilia nini?" aliniuliza.

"Padri asikuchukue."

"Atanilisha nini huyo? Mimi nakula sana," bibi alisema, mabega yake yakiendelea kucheza.

Akanishika mkono. Tulicheza hadi altareni, padri akatubariki, nami nikamvuta bibi haraka tukarudi kwenye benchi, wote wawili.