Picha ya Moyo na Mbuzi wa Nadhiri

Babangu alikuwa fundi bomba, na kuanzia kivukoni Likoni hadi Shika Adabu hakuna mfereji ambao hakuwahi kuutukana. Kwa hivyo katikati ya miaka ya tisini, alipoanza kubanwa na kifua kila akipanda kutoka feri, na daktari akamwambia mishipa ya moyo inaziba, hakushtuka. Alisema mabomba yote huziba, suala ni kujua ni wapi.

Akapelekwa Nairobi kupigwa picha, akarudi na bahasha na maneno ya wiki nzima. Walimpitishia mrija mwembamba kutoka pajani mpaka moyoni, wakamwaga rangi, na mishipa yake ikaonekana kwenye kioo ikicheza. Daktari akaisimamisha picha, akaipimisha kwa kompyuta: upana wa mshipa hapa, upana pale, kingo zimenyooka au zimechimbika. Hili lilimuuma sana babangu. Yeye miaka thelathini alilazimika kubomoa ukuta wa watu ndipo ajue bomba limeziba wapi, na mara nyingine hata ukuta wenyewe si huo.

Majibu aliyotupa yalikuwa mafupi. Kuna madonge mawili ya mafuta. Moja kubwa, limeziba thuluthi mbili ya mshipa, lakini ni gumu, la zamani, na daktari halimtishi. La pili dogo, limeziba thuluthi tu. Mamangu akapiga vigelegele. Kubwa halina neno, dogo ni dogo, alhamdulillahi, sasa twangoja nini? Babangu akasema pale kitandani aliweka nadhiri, akirudi nyumbani salama atachinja mbuzi alishe watu. Bahasha akaitia chini ya godoro na kutukataza tusiiguse.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado nakaa kwa baba, na subira sikujaliwa. Siku ya karamu nyama iko motoni, nikatumwa chumbani kuchukua mkeka, mwiko bado mkononi. Nikainua godoro, nikaifungua ile bahasha. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na haikuzunguka. Vipimo vya picha vyaonyesha kwamba donge la kuogopwa ni lile dogo. Kingo zake zimechimbika, huenda ndani ni laini, laweza kupasuka siku yoyote na damu ikaganda papo hapo. Ale dawa kila siku. Mafuta aepukane nayo.

Mafuta! Na mbuzi yule mamangu alikuwa akimsifu unono tangu asubuhi, tena juu yake kaongeza samli. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, leso imenianguka mabegani, nikaingia upande wa wanaume bila hodi wala salamu. Wazee wakanigeukia, matonge yamesimama hewani. Nikamfikia babangu, nikanyoosha mkono nimpokonye sahani.

Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Maalim wetu wa madrasa, aliyekaa ubavuni mwake, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mwiko. "Mbuzi wa nadhiri haliwi na mwenyewe, mwanangu," akasema. "Wala na watu wa nyumbani mwake anaowalisha."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mchuzi nilikuwa nishauonja chumvi mara nne, na tangu mara ya pili chumvi ilikuwa sawa. Nikarudi jikoni wanaume wakinicheka, nikamkuta mamangu anafyonza mfupa wa ubavu. Nilipomwambia, aliuficha nyuma ya mgongo na kuniuliza kwani huyo maalim ameona.

Alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, nilimwekea babangu barua mapajani. Nilikuwa na hasira. Nikamuuliza kwa nini alituacha tupige vigelegele ilhali yeye ameelezwa kila kitu. Aliikunja polepole. Akasema lile donge aliliona kwenye kioo kwa macho yake, na kingo zake akaonyeshwa, na bomba la namna ile yeye analijua, hilo ndilo hupasuka nyumbani hakuna mtu.

"Hitimani, mtu akishazikwa, watu huja wote," akasema. "Wakala, wakakusifu, na wewe hupo. Nami nikataka niwaone."

Nililia, tena kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Kisha nikamuuliza dawa ziko wapi. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti la safari, hajagusa hata kidonge, kwa kuwa aliona kazi imekwisha, imebaki kungoja lipasuke. Nikachota maji, nikamsimamia. Alimeza amenikazia macho, akauliza kama kesho pia nitamsimamia hivyo. Nikamwambia kesho, na kesho kutwa, mpaka achoke na uso wangu.

Ilimchukua miaka kumi na mmoja kuchoka.