Kidole cha Shahada cha Baba

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa mwanafunzi wa maabara hapa Kigali, mwaka wa pili, na kwa kweli nilikuwa sivumiliki. Mama akiosha nyanya mara moja namrudishia aoshe tena. Mgeni akikohoa namwambia ageuze uso. Mdogo wangu aliniita Dokta kwa kunisanifu, nami bila haya naitika.

Baba alikuwa fundi cherehani, kibarazani pa duka moja la nguo mtaani Biryogo. Siku moja sindano ya cherehani ikampitia kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile anachosukumia kitambaa. Alikifunga kwa kipande cha khanga, akaendelea kushona.

Nyumbani kulikuwa na kopo la kapsuli za kuua vijidudu, tulizoziita rangi mbili. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na kopo kama hilo. Mtu akipata nafuu siku ya tatu anaacha dawa, zilizobaki anamwekea atakayeugua baadaye. Wiki ileile nilikuwa nimepata alama nzuri sana kwa kueleza kwenye mtihani kwa nini hilo ni kosa. Lakini mtihani ni mtihani, na pale sebuleni nilitaka nionekane. Nikatoa kapsuli nne.

"Mbili leo, mbili kesho," nikamwambia baba.

"Haya, dokta wangu," akasema, akameza.

Kesho yake nikamuuliza kidole vipi. "Iko inapona," akajibu. Nikaenda kumsimulia jirani.

Siku ya nne mama aliniita nje. Baba alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto. Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa, na mstari mwekundu umepanda hadi kifundo cha mkono. Aibu niliyoipata, wallahi, sijaipata tena.

Nikampeleka kituo cha afya nilikokuwa nikifanya mazoezi ya maabara. Daktari alikipasua kidole, akatuambia kwamba ule mstari ukizidi kupanda atakikata kwenye kiungo. Fundi cherehani! Baba alisema tu, "Bora kidole kuliko mkono."

Nikachukua usaha kidogo, nikaupanda kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu. Juu yake nikaweka viduara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoweza kuua huacha uwazi pembeni mwa karatasi yake. Isiyoweza, vijidudu huota mpaka kwenye ukingo. Tulipokuwa tunangoja, baba akaniuliza usaha ni nini. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, waliokufa wakipigana.

"Askari walioko barabarani wanatosha," akasema, maana mwaka ule wa vita mji ulikuwa umejaa askari. "Hawa waite mafundi."

Kisahani kilipokuwa tayari nilikiinua kwenye mwanga. Kwenye karatasi yenye dawa ya rangi mbili vijidudu vilikuwa vimeota kama majani mlangoni. Kwa hiyo kapsuli zangu hazikuwa zimegusa kitu. Mwili wa baba ulipigana peke yake siku nne, mimi nikijisifu kwa jirani. Karatasi nyingine ilikuwa na uwazi mpana, safi. Daktari akaiandika dawa hiyo, akaamuru sindano za siku kumi, na safari hii tulizimaliza zote.

Kidole hakikukatwa, lakini kiungo cha juu hakikukunjika tena. Baba alijifunza kusukuma kitambaa kwa kidole cha kati, na kwa miezi mishono yake ilikwenda upande. Wateja wawili walihamia kwa fundi mwingine.

Siku ya sindano ya mwisho, tukirudi kwa miguu, nikaona siwezi kunyamaza zaidi.

"Baba, mimi ndiye niliyekuchelewesha. Nilikupa dawa kwa kubahatisha."

"Najua," akasema. "Hata ile siku ya pili ilikuwa inaniuma mpaka kwenye meno."

"Sasa mbona ulisema inapona?"

"Ulikuwa umefurahi sana kunitibu."

Nilikasirika. Nilitaka kumgombeza kwamba mgonjwa hamdanganyi daktari. Lakini yeye hakuwa amekwenda kwa daktari, alikuwa amekuja kwa mtoto wake. Nikamshika mkono ule wa kulia, tukapanda mlima polepole hadi nyumbani.