Karata za Mama Mkwe na Windows Mpya

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba yake kule Suji, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akavunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja. Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka vidoleni hadi chini ya kiwiko, wakamwambia akae nalo wiki sita. Mke wangu akaamua kwamba wiki hizo zote mama yake atakaa kwetu, Same mjini, ambako ni tambarare na hakuna ngazi. Mimi sikuulizwa. Hata ningeulizwa ningekubali, kwa sababu sijawahi kumfahamu mwanamume aliyejibu vingine juu ya mama mkwe wake na kesho yake bado akawekewa chai.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa mzee wa kanisa, mama wa sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Mimi kwetu ni Singida. Chasu, lugha ya kwao, nakisikia nusunusu hadi leo, kwa hiyo yeye na binti yake walipotaka kunisema walinisema mbele yangu, na walipocheka nami nilicheka ili nisionekane nimeachwa.

Ugomvi wetu, kama naweza kuuita hivyo, uliletwa na kompyuta. Pale sebuleni, kwenye kona, nilikuwa na kompyuta ya mezani. Mimi ni bwana mifugo, na kompyuta ile niliileta nyumbani kwa maelezo kwamba nitaandikia taarifa za chanjo. Taarifa niliandika, lakini kazi yake hasa ilikuwa gemu ya mpira. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na nilikuwa na timu yangu humo ndani, ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa misimu kadhaa na kuihurumia kama watoto. Kisha likatoka toleo jipya la gemu ile, na toleo hilo halikukubali Windows saba niliyokuwa nayo. Lilitaka Windows mpya.

Nikaanza kujiuliza, nipige Windows mpya au niache? Kwa miezi mitatu nililipima jambo hilo kama mtu anayetaka kuhama mji. Fundi wangu alikuwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, anayetoa fotokopi kwa mkono mmoja na kufungua kompyuta kwa mkono wa pili. Nilimpelekea mashine akaitazama.

"Kaka, hii ni nzima ila ni mzee," alisema. "Ukiipiga Windows mpya itakubali, lakini itachoka. Kwa kazi za ofisi hiyo saba inakutosha. Labda kama kuna kitu kingine."

Nikamwambia hakuna kitu kingine. Akautazama mkoba wangu, ambao waya wa pedi ya kuchezea gemu ulikuwa unaning'inia nje, akarudi kwenye fotokopi zake.

Hapo ndipo mama mkwe aliposhuka kutoka mlimani. Siku tatu za kwanza alijaribu kupumzika na hakuweza. Alikunja nguo kwa mkono mmoja, akafagia uwanja kwa mkono mmoja, na upepo wa Same ukaurudisha mchanga wote kabla hajaweka ufagio chini. Mke wangu ni muuguzi, na alikuwa na zamu. Ili mama yake atulie, alimkalisha mbele ya kompyuta, akamfungulia ule mchezo wa karata uliokuja nayo, wa mtu mmoja anayezipanga kwa rangi na namba hadi ziishe mezani.

Mama alishtuka kidogo. Kwake yeye karata zilikuwa mambo ya wanaume wanaokaa nyuma ya kilabu cha pombe. Binti yake akamweleza kwamba hapa hakuna mpinzani, hakuna anayeliwa, kazi ni kupanga tu. Mama akalichukua hilo neno. Tangu siku ile hakucheza karata hata mara moja, alipanga. "Ngoja nipange kidogo," alisema akishamaliza uji wake, na akipanga kidogo jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Mimi nilirudi saa kumi jioni kutoka kwa wafugaji wa tambarare, nimejaa vumbi la mazizi, nikitamani nusu saa yangu ya mpira. Nilimkuta kwenye kiti changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, pole na kazi," alijibu, macho yakiwa kwenye kioo.

Mkwe hamwinui mama mkwe kwenye kiti. Basi nilikaa kwenye kochi nikakohoa. Nilikohoa kila jioni kwa karibu wiki mbili. Nilimwomba mke wangu aseme naye, akaniambia kama nina maneno na mama niyapeleke mwenyewe. Na ningesemaje? Mama hakujua kwamba nacheza gemu. Kwake mimi nilikuwa ofisa wa mifugo, baba wa watu, na pedi niliificha ndani ya boksi la sindano za ng'ombe.

Siku moja nikapata akili. Nikasema nina taarifa ya kuandika. Mama akainuka papo hapo, akasema kazi kwanza, kisha akavuta kigoda akakaa pembeni yangu kuangalia. Ikabidi niandike taarifa kweli. Alisoma kila mstari. Aliniuliza kwa nini nimeandika kwamba ng'ombe walichomwa chanjo wakati ng'ombe huchanjwa, na kwa nini sentensi moja ina "pia" tatu. Siku iliyofuata nilijaribu tena, akakaa tena. Mwezi ule taarifa zangu zilifika wilayani kabla ya wakati na bila kosa la herufi, na mkuu wangu akanipongeza mbele ya wenzangu.

Hali hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilimwendea fundi nikamwambia anipe Windows mpya kwenye flashi, nitaipiga mwenyewe. Akanionya mara ya pili, akanikumbusha nihamishe mafaili yangu kwanza, akanipa.

Jumapili nikaumwa tumbo. Mke wangu alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaotaka karatasi ya mapumziko. Mama, yeye, alikwenda jikoni akasaga tangawizi ya kwao, akaichemsha hadi ikawa kali kama betri, akasimama hapo mpaka nikamaliza kikombe. Kisha wakaenda kanisani. Nilipoona wamepita kona nikachomeka flashi. Kompyuta iliniuliza maswali mengi. Moja lilisema baadhi ya programu za zamani hazitaendelea kuwepo. Nikabonyeza kukubali, kama ninavyobonyeza kila kitu.

Nilitegemea ibada ndefu na mnada wa mazao ya sadaka baada yake. Siku hiyo mazao yalikuwa machache. Wanawake walirudi nikiwa asilimia sabini na moja.

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akakaa akaangalia namba zikipanda taratibu.

"Inahesabu nini?" aliuliza.

"Inajiweka sawa, mama."

"Kwani ilikosea wapi?"

Nikasema tumbo limerudi, nikaenda chumbani.

Jioni alikaa kwenye kiti, akatikisa mausi, akatafuta. Kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake. Karata hazikuwepo. Nilikuwa kwenye kochi na gazeti, nikamwona akitafuta kwa utulivu kama mtu anayetafuta miwani nyumbani kwa watu. Hakuniuliza. Aliinuka, akachukua ungo, akaanza kuchambua maharage ya makande ya kesho yake, ambayo binti yake alikuwa ameshayachambua.

Kesho yake walipokwenda sokoni kununua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nilifungua gemu yangu mpya. Ilifunguka, nakubali. Lakini wachezaji walikimbia kama ng'ombe walionasa kwenye tope. Nilibonyeza kupiga shuti, nikapata muda wa kujikuna shingo, ndipo mguu ukanyanyuka. Sura zao zilikuwa nzuri sana. Nilifungwa nikiwa nawatazama.

Siku zilizofuata mama alikuwa mpole kupita kawaida, na upole huo ulinitisha. Alianza kusema kwamba mahindi yake hayana mwangalizi na kwamba hogo hata Suji linaweza kubebwa. Mke wangu akanivuta uani akaniuliza nimemfanya nini mama. Nikasema sijamfanya kitu. Akaniambia basi nikifanye hicho kitu kinachokosekana, haraka.

Nikanunua bando, nikaingia mtandaoni kutafuta karata. Nilizishusha za kwanza nilizoziona. Nilipozifungua, kabla ya karata hata moja kutokea, akajitokeza mwanamume mwenye miwani ya jua akirusha noti hewani na kutangaza mambo ya kubeti, kwa sauti kubwa, na mimi sikujua pa kumzimia. Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu.

"Baba, usijisumbue," alisema. "Nimeelewa."

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo sikufurahishwa. Mtu mzima, mjane wa mzee wa kanisa, anashinda kwenye karata ndani ya nyumba ya mkwe wake. Hata yeye angekuwa mimi asingependa.

"Ulikuwa unakohoa kila siku," alisema. "Mimi nikajifanya sisikii. Mwishowe ukaziondoa kwa adabu, Jumapili, nikiwa kanisani, hukunitia aibu. Nakushukuru."

Nataka kuwa mkweli: kwa muda mfupi niliipenda hadithi hiyo. Humo ndani nilikuwa mtu wa msimamo, na ningeweza kuinamisha kichwa tu nikabaki hivyo hadi kufa. Lakini nilimwona alivyolishika lile hogo mapajani, kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa, na nikaona haya. Nikaenda kuleta boksi la sindano. Nikatoa pedi, nikamweleza yote: timu, toleo jipya, kikohozi ambacho hakikuwa cha karata bali cha kiti, na ile Jumapili.

Aliigeuzageuza pedi kwa mkono wake mzima.

"Kwa hiyo tumbo halikuwa linauma."

"Halikuwa, mama."

"Na tangawizi yangu ukanywa yote."

"Yote, mama. Liliuma baadaye."

Alicheka mpaka akaliegemeza hogo ukutani. Akamwita binti yake jikoni, akamsimulia kwa Chasu, kirefu, na safari hii nilielewa karibu kila neno. Nilicheka nao kwa haki.

Kisha akataka kuuona huo mpira. Nikacheza mbele yake na wachezaji wangu wa kwenye tope, nikafungwa nne bila. Yeye alifuatilia kama mwalimu anayesahihisha, na mwisho akasema tatizo si kompyuta peke yake. Yule wa pembeni kulia nilikuwa nimemsahau tangu mwanzo, na alikuwa hana mtu wa kumkaba. Nilikumbuka mechi zangu za misimu yote nikaona ni kweli.

Jumatatu nilibeba kompyuta hadi kwa fundi. Nilidhani kurudisha ya zamani ni kubonyeza tu. Akaniambia kurudi ni kazi kuliko kwenda. Ila kuna njia nyingine: angeigawa diski sehemu mbili, upande mmoja Windows saba, upande mwingine mpya, na ukiiwasha kompyuta inakuuliza unataka ipi. Akauliza ya zamani ni ya nani. Nikasema ya mama mkwe.

"Na mpya?"

"Ya ofisi."

"Sawa, kaka," alisema, akatoa remu, kile kipande cha kuongeza kasi, kwenye mashine iliyokufa akaichomeka kwenye yangu, ili ofisi isikwame sana golini.

Kompyuta ilisubiri sekunde chache, na usipochagua ilijipeleka yenyewe kwenye Windows saba. Nilimwomba fundi aibadilishe ianze na yangu. Akauliza kama mama mkwe anajua kwamba ninaomba hivyo. Tukaiacha.

Wiki mbili zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mama alipanga hadi saa kumi, akanipisha mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kunielekeza. Nilishinda mechi tatu. Taarifa zangu zilichelewa tena, na mkuu wangu akaniuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Hogo lilipokatwa nilimpandisha Suji kwa barabara ya Makanya. Hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja shambani, akaanza kuvunja mabua kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimebeba kompyuta ndogo kuukuu ya ofisi kwenye begi, yenye karata ndani, nikampa. Akaniambia nirudi nayo. Akiwa nayo pale, alisema, nani atalima?

Jumapili moja baada ya hapo, mke wangu akiwa kazini, niliwasha kompyuta nikachelewa kuchagua, ikanipeleka upande wa mama. Nikafungua karata zake kujaribu. Dakika kumi nilikuwa nimekwama. Nikampigia simu. Aliniuliza nini kiko mezani, nikamsomea safu moja moja, na yeye akasikiliza, kuku wakilia nyuma yake.

"Usikimbilie kupeleka juu," alisema. "Fungua kwanza ile safu ndefu. Umeona nini?"

"Malkia wa kopa, mama."

"Haya, sasa fikiri mwenyewe. Mimi naenda kukamua."

Akakata simu. Nilifikiri sana na karata hazikuisha, nikakumbuka neno lake la kazi kwanza, nikazifunga, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nikaandika taarifa ya chanjo bila kulazimishwa na mtu.