Misonobari ya Zambeta

Argyris hakuwa mtu wa kuchezewa. Siku kapteni wa zimamoto alipotaka kuigusa misonobari yake, alimkata kwa shoka.

Alikuwa mgema utomvu, kama wanaume wengi wa kijiji chake huko kaskazini mwa kisiwa cha Evia. Kila alfajiri alipanda mlimani, akaichanja misonobari na kuitundikia mifuko, utomvu ukadondoka kutwa. Shamba lile la misonobari lilitoka kwa baba mkwe wake: mkewe Zambeta alikuja nalo alipoolewa, kama wenzake walivyokuja na mashuka na mbuzi. Lakini miaka ilivyokwenda Argyris alijisahau, akawa anasema "miti yangu" hata mbele ya mkewe. Zambeta alimtazama tu.

Agosti ile moto ulishuka mlimani ukinguruma. Matunda ya misonobari yalipasuka na kuruka yakiwaka, yakaangukia mazizi. Mbuzi walilia wakiungua wazima, na hakuna aliyeweza kuwafikia. Barabara ilishakatika. Watu walijazana ufukweni wakisubiri feri ambayo haikuonekana.

Kapteni Pandelis, macho mekundu kwa moshi, alipanda na askari wake hadi kwenye shamba la Argyris, wakamkuta kasimama mbele ya miti na shoka mkononi. Alitaka kulichoma mapema, ili moto mkubwa ukifika ukose cha kula.

"Mzee, sogea."

"Usogee wewe! Umekuja kuzima moto au kuwasha?"

"Tusipochoma hapa, kijiji kimekwisha."

"Kachome kwa mama yako!"

Pandelis akainama na kichomeo chake. Shoka likashuka, likachana koti, likaingia begani. Damu iliruka hadi kwenye gome la mti. Askari wawili walimvamia Argyris wakamgaragaza chini, mmoja akamkandamiza shingo kwa goti. Naye akauma, akapiga mateke, akatukana mpaka watakatifu.

Ndipo Zambeta alipotokea, anahema, kitambaa chake cha kichwa kimeungua pembeni.

"Hebu mwachieni."

Walipomwachia, alimzaba mumewe kofi lililomrudisha chini.

"Miti ya nani hii?"

Argyris akajifuta vumbi usoni.

"Si nakuuliza wewe! Miti ya nani?"

"Yako."

"Basi naichoma. Wajukuu wako wako kule ufukweni, mpumbavu wewe!"

Akakitwaa kichomeo kwenye mkono wa Pandelis uliojaa damu, akauwasha mti wa kwanza mwenyewe. Mifuko ya utomvu ililipuka mmoja baada ya mwingine. Argyris alipiga yowe kama aliyefiwa. Kisha akavunja tawi bichi, akajipanga na askari kuzipiga cheche zisishuke kijijini.

Moto mkubwa ulifika, ukakuta majivu, ukafia hapo.

Jioni Pandelis alikuwa amelala kwenye ngazi za kanisa, bega limefungwa kwa shuka. Alishawaambia askari wake kwamba aliangukiwa na tawi, na atakayesema vingine atamtambua. Argyris akaja na chupa ya mafuta ya zeituni. Utomvu hautoki kwa maji, na mikono ya kapteni ilikuwa imegandamana nao tangu mifuko ilipolipuka. Akakaa ngazi ya chini, akaanza kuisugua, kidole kimoja kimoja, kama alivyosugua yake kila jioni.

"Shoka liko wapi, mzee?" Pandelis aliuliza bila kufumbua macho.

"Nimelitupa motoni."

"Afadhali."

Argyris alitaka kusema asante, machozi yakamtoka. Ule wa mikononi mwa kapteni ndio uliokuwa utomvu wa mwisho wa misonobari ile. Aliutoa wote.